Pesa Isiyo na Kodi na Viatu vya Wakubwa

Kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu.

Bwana Mshamu kutoka Wizara ya Akiba alifika nyumbani kwa Bi Tunu, akapiga hodi vizuri, akakaribishwa vizuri, akaja mpaka ukingoni mwa mkeka, akasimama. Sisi wote tulikuwa peku. Kandambili zetu tulikuwa tumeziacha mlangoni, kama watu wanavyofanya.

"Karibu mkekani, baba," Bi Tunu akamwambia. "Vua viatu upumzishe miguu."

"Nashukuru, mama. Viatu vya serikali havivuliwi wakati wa kazi."

Tukatazamana. Hatukujua kwamba viatu vile ni vya serikali. Akaletewa kiti, akakaa, miguu akaiweka nje ya mkeka, imebanana, kama kuku aliyelalia mayai. Mimi nilikuwa karibu na mlango, mahali pangu pa siku zote, na kwa vile nilikaa chini, viatu vile vilikuwa karibu na uso wangu. Cha kushoto kilikuwa kiatu cha kawaida. Cha kulia kilikuwa kimevimba.

Sikusema kitu. Mimi huwa sisemi.

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini jina hilo limesajiliwa, na anayelitaja bila kibali hulipia. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu, na mtanielewa.

Sisi ni kikundi cha akina mama wauza unga wa muhogo wa Soko la Bondeni. Mimi si mama wa mtu bado. Niliingia kwa nafasi ya mama yangu, alipofariki. Mwenyekiti wetu ni Bi Tunu, ambaye ana kibanda kikubwa na sauti kubwa zaidi. Anayemfuata kwa maneno ni Mama Chausiku, ambaye hajawahi kuamini kitu mpaka akione, na akishakiona hukigeuza aone nyuma yake.

Mashine ya kusaga katika kata yetu ni moja, ya Diwani. Ukisaga unalipa, na juu ya malipo unaacha bakuli moja la unga, linaitwa bakuli la shukrani. Zamani lilikuwa bakuli la kunywea uji. Baadaye likaja la kunawia mikono. Siku hizi ni beseni, tena lile la kuogea mtoto, lakini bado linaitwa bakuli, kwa sababu sheria inasema bakuli, na Diwani wetu hawezi kuvunja sheria.

Kwa hiyo tulikuwa tunajiwekea pesa tununue mashine yetu wenyewe. Tuliziweka kwenye kibubu: sanduku la mbao lililopigwa misumari pande zote, lina mdomo mwembamba juu, halina mlango. Kinachoingia hakitoki mpaka kivunjwe. Kilikaa chini ya kitanda changu. Walipokuwa wanachagua nani akitunze, Mama Chausiku alisema, "Kibubu kikae na kibubu mwenzake," watu wakacheka sana. Na mimi nilicheka, kwa ndani.

Mashine tuliyoitaka ilikuwa kwa fundi mmoja wa mjini. Alikubali kutuwekea mpaka mavuno. Tulikuwa tumebakiza kidogo tu. Akina mama walikuwa wameanza hata kugombana kuhusu rangi ya kuipaka.

Hapo ndipo serikali ilipogundua kwamba pesa yetu imelala.

*

Mheshimiwa Waziri wa Akiba alitutangazia kwenye redio. Alisema hivi, na mimi nimeikariri kwa sababu waliirudia kila baada ya taarab:

"Ndugu wananchi! Pesa iliyolala ni pesa mvivu, na pesa mvivu ni adui wa taifa. Wataalamu wetu wamefanya utafiti wa kina. Wamegundua kwamba chini ya vitanda vya nchi hii kuna utajiri ambao haujawahi kuamka asubuhi ukaenda kazini! Kuanzia leo, kibubu ni marufuku. Kila kibubu kitavunjwa. Lakini serikali yenu haimlazimishi mtu. Mna uhuru kamili wa kuchagua kati ya akaunti mbili. Na asiyechagua, asiwe na wasiwasi, atachaguliwa."

Akaunti ya kwanza iliitwa Akiba Isiyo na Kodi, nayo ilikuwa ya Wizara. Ya pili iliitwa Akaunti ya Hundi Yenye Riba Kubwa, nayo ilikuwa ya Benki ya Tabasamu. Benki hiyo ni ya shemeji yake Waziri, jambo linaloonyesha jinsi familia ile ilivyojitolea kwa ajili ya akiba.

Ndiyo sababu Bwana Mshamu alikuja kwa Bi Tunu. Na kabla hajamaliza kunywa chai, akaingia mtu wa Benki ya Tabasamu, Bwana Lugoe, kijana mwenye tai na meno mengi. Naye akafika ukingoni mwa mkeka. Naye akakaribishwa avue viatu.

"Ningevua, mama zangu," akasema, "lakini nina fangasi."

Akapewa kiti. Miguu akaibana.

"Haya, tuelezeni," alisema Bi Tunu. "Ila taratibu. Sisi ni watu wa unga."

Bwana Mshamu akaanza. "Akiba Isiyo na Kodi! Pesa yenu itazaa riba ya asilimia mbili kwa mwaka, na riba hiyo serikali haitaigusa. Haitaigusa kabisa, hata kwa ncha ya kidole."

"Asilimia mbili!" Bwana Lugoe akashika kifua. "Mama zangu, hayo ni matusi. Sisi tunatoa asilimia saba. Tena akaunti yetu ni ya hundi: pesa inaingia, inatoka, inatembea kama mtu mzima. Haifungiwi ndani kama mwali."

Hesabu za asilimia zilikuwa katika darasa ambalo mimi sikulifika. Kwa hiyo niliziamini kama mtu anavyouamini mji ambao hajawahi kwenda. Mama Chausiku hakuziamini hata hivyo.

"Na kodi?" akauliza.

"Inakatwa kidogo tu, kwenye riba. Lakini mwenye saba akikatwa moja, si bado ana sita? Sita na mbili, ipi kubwa?"

"Mwulizeni hiyo saba ni ya pesa kiasi gani," Bwana Mshamu akasema, akitazama dari.

Bwana Lugoe akakohoa. "Ni ya pesa ya mwanzo mwanzo."

"Mwanzo unaishia wapi?"

"Unaishia karibu."

"Na pesa ikizidi hapo?"

"Ikizidi, ile iliyozidi inapumzika."

"Inapumzika!" Mama Chausiku akapiga makofi mara moja. "Si redio imesema pesa ikilala ni mvivu?"

"Kupumzika si kulala, mama."

"Endelea, mwanangu. Kuna sharti gani jingine?"

"Dogo tu. Kila mwezi lazima uingie mshahara."

"Mshahara wa nani?"

"Wenu."

Tukatazamana. Kati yetu sote hakuna aliyewahi kupata mshahara, isipokuwa Mama Hadija aliyewahi kuolewa na mtu aliyekuwa nao.

"Na mwezi usipoingia, hiyo riba inakuwaje?"

"Inahuzunika," akasema Bwana Lugoe, na yeye mwenyewe akahuzunika kidogo.

Bwana Mshamu akacheka kwa pua. Mama Chausiku akamgeukia.

"Na wewe usicheke. Hiyo kodi ya riba mnayotusamehe, sisi huwa tunalipa?"

"Kwa kiasi chenu? Hapana, mama. Hiyo ni ya wenye pesa nyingi. Nyinyi hamuifikii."

"Kwa hiyo mnatusamehe deni ambalo hatudaiwi?"

"Ndiyo maana ni msamaha wa kihistoria," alisema Bwana Mshamu.

"Basi na kwa huyu mwenye meno hatutakatwa?"

"Kwetu mtakatwa kwanza," Bwana Lugoe akaeleza, "halafu mtaomba mrudishiwe."

"Tumwombe nani?"

"Wizara."

Bwana Mshamu akatabasamu kwa upole, kama mtu aliyekaa langoni muda mrefu.

Akina mama wakaanza kubishana. Wengine walisema saba ni saba, hata ikihuzunika itakuwa inahuzunika ikiwa saba. Wengine walisema kitu cha serikali kikipotea angalau unajua pa kwenda kulia. Bi Tunu akainua mkono.

"Mimi nimesikia neno moja tu, jamani. Bila kodi. Mwenye kibanda changu ananipandishia kodi kila mwezi wa pili. Mwenye nyumba naye hivyo hivyo. Sasa serikali imekuja na kitu kisicho na kodi. Nitakataa nina kichaa?"

Nikamwona Bwana Mshamu akifungua mdomo kutaka kumsahihisha. Kisha akaufunga. Aliufunga polepole, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto.

Sikusema kitu.

Walipotoka, Bwana Mshamu akataka unga wa kupeleka nyumbani kwake, nami nikatumwa nimpimie. Nilipomfungia akasema, "Subiri, binti," akaenda nyuma ya migomba, akainama kama anayefunga kamba za kiatu. Mimi sikumfuata. Nilikwenda tu upande ule kuchukua ungo. Alikuwa amevua kiatu cha kulia. Akashusha soksi, akatoa bunda la noti, akachomoa moja, nyingine akazirudisha, akavaa, akakanyaga kidogo ili zikae sawa. Noti aliyonipa ilikuwa ya moto, imekunjika kwa umbo la kisigino.

Bwana Lugoe naye akasema angependa unga. Yeye alikwenda nyuma ya bafu. Alivua cha kushoto.

Nikajua sasa tofauti ya akaunti hizi mbili. Serikali huweka kulia, benki huweka kushoto.

*

Kwetu kuna mila ya zamani. Msichana akiposwa, wazee humwuliza, "Fulani amekuja, unasemaje?" Akinyamaza, ndiyo amekubali, kwa sababu ya haya. Akikataa, lazima aseme. Ndivyo walivyoolewa bibi zetu wengi, na baadhi yao walikuwa wamenyamaza kwa sababu walikuwa wanatafuta maneno.

Serikali yetu iliipenda mila hiyo, ikaitungia sheria. Sasa jambo lolote la nchi huamuliwa hivyo. Mkubwa anauliza, "Kuna anayepinga?" Kisha anakunywa glasi ya maji. Akiweka glasi mezani kabla mtu hajasema, Mzee Fikirini wa ofisi ya kata anagonga kengele, na jambo limekubaliwa na wananchi wote. Kwa sababu hiyo wakubwa wetu wamejifunza kunywa haraka. Inasemekana Waziri mwenyewe humeza glasi nzima bila koo kusogea.

Tukaitwa ofisi ya kata na kibubu chetu. Nilikibeba mimi kichwani, kimefunikwa kanga. Nyundo ilikuwa mezani, imepakwa rangi za bendera.

"Kikundi cha Unga!" Bwana Mshamu akaita. "Mmechagua?"

Tulikuwa hatujachagua. Nusu walitaka Isiyo na Kodi, nusu walitaka Riba Kubwa, na kila nusu ilikuwa imeitukana nusu ya pili njia nzima. Kura zikahesabiwa zikalingana.

"Amebaki Siwema," Bi Tunu akasema. Siwema ni mimi. "Ndiye mtunza kibubu. Aseme yeye, yaishe."

Wote wakageuka. Sijawahi kuangaliwa na watu wengi hivyo tangu msiba wa mama.

"Binti," akasema Bwana Mshamu, "unasemaje? Isiyo na Kodi, au Riba Kubwa?"

Nilikuwa na jibu la tatu. Lilikuwa limejaa mdomoni. Nilitaka kuuliza, kama akaunti hizi ni nzuri, mbona ninyi wawili mnatembea mkikanyaga pesa zenu? Nikatazama kiatu cha kulia. Nikatazama cha kushoto, cha Bwana Lugoe aliyesimama kando yake. Nikatafuta neno la kuanzia, maana huwezi kumwambia mtu mzima hivi hivi kwamba umemwona nyuma ya migomba.

Bwana Mshamu akanywa maji. Akaweka glasi. Mzee Fikirini akagonga kengele.

"Amekubali!"

"Amekubali nini?" Mama Chausiku akaruka. "Umemwuliza mambo mawili!"

"Amekubali lililotajwa kwanza."

Nyundo ikashuka. Kibubu kililia kwa sauti ambayo sikuitegemea, kama kitu kilichokuwa kinanyamaza kwa makusudi. Sarafu zikatawanyika, noti zetu zikakunjuka. Watu wakapiga makofi. Hata mbao zake zilichukuliwa, zikaandikwa kuwa ada ya kuvunjiwa. Tukapewa kadi ya kijani iliyoandikwa kwa herufi kubwa, ISIYO NA KODI.

Bwana Lugoe hakuonekana kuumia kwa kukosa pesa zetu. Nilimsikia akimwambia mwenzake nje, wakicheka, "Kwani Wizara yenu inaziweka wapi? Si kwetu? Mnapata saba, mnawapa mbili."

"Punguza sauti," Bwana Mshamu akamwambia. "Kuna binti hapa."

"Huyo? Huyo hasemi."

*

Mwezi haukuisha kabla nchi haijaingia katika matatizo ya lugha.

Mwenye nyumba wa Bi Tunu anaitwa Mzee Mwinchande. Alikuja kudai chake kama kawaida, na mimi nilikuwepo, nachekecha unga.

"Bi Tunu, kodi."

"Sina kodi."

"Huna mwezi huu?"

"Sina milele. Soma." Akampa kadi ya kijani.

Mzee Mwinchande akavaa miwani. "Hii ni kodi ya serikali, mama. Mimi nadai kodi ya nyumba."

"Imeandikwa hapo ya serikali?"

"Haikuandikwa, lakini..."

"Imeandikwaje?"

"Imeandikwa kodi."

"Na wewe unadai nini?"

"Nadai kodi."

"Basi gombana na kadi, babu. Usigombane na mimi."

Akaigeuza kadi mbele na nyuma, akairudisha kwa heshima. Kesho yake akaenda kufungua akaunti na yeye, ili naye asidaiwe kodi ya kiwanja.

Mji mzima ulifanya hivyo. Wapangaji waliining'iniza kadi mlangoni. Foleni ya Akiba Isiyo na Kodi ilizunguka soko, ikakutana na mkia wake, na kwa nusu siku hakuna aliyejua nani wa mwanzo. Bwana Mshamu alipokea pesa mpaka mikono ikamwuma. Hakumsahihisha mtu hata mmoja. Wenye nyumba walipoandamana ndipo Wizara ikashtuka sana kusikia kwamba neno lina maana mbili, ikaunda Tume ya Maana.

Tume ilikaa. Ikala. Ikasafiri nchi za nje kutafuta maana ya neno la kwetu. Iliporudi, tukaitwa uwanjani, na Bwana Mshamu akasoma:

"Neno kodi lina maana mbili, na serikali ya haki haiwezi kuipendelea maana moja na kuionea nyingine. Kwa hiyo akiba yenu haitalipa kodi kwa maana ya kwanza, kama tulivyoahidi. Lakini Tume imegundua kwamba pesa zenu zinakaa ndani ya jengo. Zina paa. Zina taa. Zina mlinzi. Nani hapa anakaa katika nyumba ya mtu bila kulipa pango?"

Wapangaji waliangalia chini.

"Basi pesa zenu zitalipa kodi kwa maana ya pili. Ya mwaka mzima, mbele, kama ilivyo desturi ya wenye nyumba. Na mwezi mmoja wa dalali."

"Dalali ni nani?" Mama Chausiku akauliza.

"Benki ya Tabasamu. Ndiyo iliyotutafutia jengo."

"Na jengo ni la nani?"

"La Benki ya Tabasamu. Kuna anayepinga?"

"Mimi swali langu..."

"Swali si pingamizi, mama." Akanywa. Kengele ikagongwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Pesa yetu ililipa pango la mwaka, ikamlipa dalali, ikalipia taa ambazo ilikuwa haizihitaji kwa vile pesa haisomi. Kilichobaki hakikutosha kulipia mlinzi. Ikaandikiwa notisi. Pesa ya akina mama wa unga, pesa iliyokuwa imelala vizuri chini ya kitanda changu bila kumdai mtu chochote, ikatolewa nje kwa kushindwa kulipa pango. Wizara ikasema imeikuta inazurura, ikaihurumia, ikaamua kuitafutia kazi.

Mama Chausiku alikwenda mjini kwa yule fundi kumwomba atusubiri. Alirudi jioni, hakutukana mtu, ndipo nikajua kuna jambo. "Mashine imenunuliwa," akasema. "Imenunuliwa na Wizara ya Akiba."

*

Waziri mwenyewe alikuja kuizindua.

Mashine yetu ilikuwa uwanjani, imefungwa utepe. Walikuwa wameipaka rangi ya kijani, ile ambayo Bi Tunu aliitaka na Mama Chausiku aliipinga. Ilikuwa imewekwa pembeni ya mashine ya Diwani, ukuta kwa ukuta. Jukwaa lilitandikwa mikeka iliyoazimwa kwetu, na ule wa mbele kabisa, wenye ukindu mwekundu, ulikuwa wa Bi Tunu. Walihitaji msichana wa kushika utepe, wakanichagua mimi. Nilimsikia Bwana Lugoe akiwaambia, "Chukueni yule. Hasumbui."

Wageni wakapanda jukwaani. Wakapita juu ya mkeka wa Bi Tunu na viatu vyao. Nilimsikia Bi Tunu nyuma yangu akivuta pumzi, kama mtu aliyekanyagwa yeye. Nilikaa chini, utepe mkononi, na viatu vyote vya wakubwa vikajipanga mbele ya uso wangu. Bwana Mshamu, kulia. Bwana Lugoe, kushoto. Diwani alikuwa amevaa mabuti ya mvua, na jua lilikuwa kali. Viatu vya Waziri vilikuwa vyeusi, vinang'aa hata nikaona sura yangu ndani yake. Vilikuwa vimevimba vyote viwili.

Waziri alikuwa na akaunti zote mbili.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Mlikuwa na pesa iliyolala. Leo itazameni, imeamka, imekuwa mashine! Haya ndiyo matunda ya akiba! Na kwa kuwa mashine inahitaji mtu mwenye uzoefu wa mashine, serikali imeamua kumkabidhi Diwani wenu mpendwa, iwe mali yake, awahudumie."

Diwani akainama kwa unyenyekevu. Kando yake kulikuwa na bakuli jipya la shukrani. Sitasema ukubwa wake. Nitasema tu kwamba lilikuja na gari.

"Nilijua," Mama Chausiku akanong'ona nyuma. "Nilijua, nilijua." Lakini alikuwa analia, na sauti haikumtoka. Bi Tunu, mwenye sauti kubwa kuliko redio, alikuwa anatazama mkeka wake.

"Kuna anayepinga?" Waziri akauliza, na mkono ukaenda kwenye glasi.

Mzee Fikirini akainua nyundo ya kengele.

Kengele hiyo ikigongwa, mashine imekwenda. Nilijua hivyo. Nilijua pia kwamba nilikuwa nimekwisha kuagana nayo siku ile ofisi ya kata, nilipokuwa natafuta neno la kuanzia. Sasa nikaona kwamba neno la kuanzia lipo, na kila mtoto wa kwetu analijua.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Mkono wake ukaiacha glasi. Akatabasamu, akawaonyesha watu wa picha kwamba anasalimiwa. "Marahaba, binti! Marahaba! Binti ana adabu. Sema, mwanangu."

"Vua viatu."

Nilisema kwa sauti ndogo, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Waliosikia ni wa mbele tu. Lakini nilikiona kiatu cha Bwana Mshamu kikirudi chini ya kiti. Cha Bwana Lugoe kikarudi. Mabuti ya Diwani yakakanyagana. Jukwaa zima likajikunja miguu, kama mtu amepita na ufagio.

Waziri alinitazama. Akatazama viatu vyake. Akamtazama Bwana Mshamu, ambaye alikuwa anatazama mawingu, na mawingu hayakuwepo. Akafungua mdomo, kisha akaufunga, na koo likamkauka mbele ya watu wote. Akashika glasi. Akanywa maji. Safari hii koo lilisogea, tena kwa kelele. Akayamaliza, akaiweka glasi mezani.

Na Mzee Fikirini, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kusikiliza swali bali glasi, akagonga kengele.

Uwanja ukatulia. Hata Mzee Fikirini aliitazama kengele yake kwa mshangao.

"Amenyamaza!" Mama Chausiku akapiga kelele. "Amenyamaza, amekunywa, imegongwa! Amekubali! Jamani, kibubu kimevunjika!" Akanisukuma mgongoni, nikajikuta nimesimama. "Rudia, mwanangu. Wa nyuma hawakusikia."

Nikaachia utepe.

"Vua viatu, baba!"